Kutafuta Mahindi Makavu: Siku Nane kati ya Morogoro, Kongwa na Kiteto

Siku ya kwanza, Jumatatu. Morogoro hadi Kibaigwa

Nimepanda basi la saa kumi na mbili asubuhi pale Msamvu, nikiwa nimeacha nyumbani viroba sita vya unga wa lishe ambao siwezi kuuuza na bado sijajua niufanyie nini. Kikundi chetu cha akina mama saba kimekuwa kikitengeneza unga huo kwa miaka minne: mahindi, karanga na mtama, tunavikaanga kidogo, tunavisaga pamoja na kuvifunga katika mifuko ya kilo moja kwa ajili ya uji wa watoto. Mwezi uliopita duka moja lililotaka kuchukua bidhaa yetu lilidai cheti cha maabara, tukapeleka sampuli, na majibu yakarudi kwamba unga una sumukuvu, yaani aflatoksini, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu, maana mahindi yale tuliyachagua wenyewe, na tuliyachagua kwa kuangalia bei.

Kiwango chenyewe, kinachotumika katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa jumla katika kilo moja ya mahindi, na ile iitwayo B1, ambayo ni kali kuliko wenzake, isizidi 5. Nimefanya hesabu nikiwa ndani ya basi ili nielewe hicho ni kiasi gani, nikaona kwamba ni sawa na gramu moja, isiyojaza hata robo ya kijiko cha chai, ikitawanywa katika magunia 1,000 ya kilo mia mia. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, hasa ule uitwao Aspergillus flavus, na yenyewe haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Moto wa jikoni hauiwezi. Uji ukichemka hata saa nzima, sumu inabaki palepale. Inaharibu ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi inaweza kumletea saratani ya ini, hatari ikiongezeka sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B; kwa watoto wadogo inahusishwa pia na kudumaa. Sisi tulikuwa tukiifunga katika mifuko yenye picha ya mtoto anayecheka.

Kabla hatujafika Dumila simu yangu iliita. Alikuwa mtengenezaji wa chakula cha mifugo ambaye habari za unga wetu zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani, naye aliniambia kwa upole kabisa kwamba anaweza kuuchukua wote kwa nusu ya bei ya mahindi. “Dada yangu, ng’ombe hawasomi cheti,” alisema. Nikamjibu kwamba nitamtafuta nikirejea.

Kibaigwa nimefika kabla ya saa tano. Ni mwezi wa Juni, mahindi yanaingia kutoka Kongwa, Kiteto na Gairo, na soko limejaa malori, vumbi na wabeba mizigo wenye viroba vitupu vichwani kama kofia. Nimesimama muda mrefu nikimtazama mnunuzi mmoja akifanya kazi. Huchoma bambo ubavuni mwa gunia, punje kama hamsini zikateremka katika mfereji wa chuma hadi kiganjani mwake, akazigeuza kwa kidole gumba, kisha akatia mbili mdomoni na kuzivunja kwa magego. Zikilia ka!, mahindi ni makavu. Zikibonyea, anashusha bei. Halafu huzamisha mkono katika gunia lililo wazi hadi kiwiko, kwa sababu mahindi makavu hupokea mkono kwa ubaridi na kuteleza, ilhali yenye unyevu huushika na huwa na joto ndani. Ni ujuzi wa kweli na ninauheshimu. Mimi mwenyewe nimenunua hivyo kwa miaka minne. Kasoro yake ni kwamba sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na zile hamsini zilizoshuka na bambo zinaweza kuwa njema zote huku zilizobaki zikificha mbaya.

Dalali aliyenikaribisha chai alinikumbusha Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi kiwango. “Wiki ile kila mtu hapa alikuwa daktari wa mahindi,” alisema. “Sasa madaktari wamepungua.”

Siku ya pili, Jumanne. Kibaigwa

Leo nimeshinda na akina mama wanaochambua mahindi kwa malipo ya gunia. Wameketi chini ya banda, kila mmoja na ungo wake, na kazi inakwenda kwa mdundo: kurusha mara mbili pumba zipeperuke, kutikisa ili vumbi lishuke pembeni, halafu vidole vinapita juu ya punje vikidonoa kama kuku. Mama aliyekuwa karibu yangu alinipa ungo nijaribu. Alinionyesha punje iliyotobolewa na dumuzi, iliyosinyaa kwa ukame, iliyopasuka kwenye mashine, iliyoanza kuota, na hatimaye moja ambayo niliiona nzima mpaka alipoigeuza upande wa kiini, ambako palikuwa na unga wa kijani uliofifia, kiasi cha ncha ya sindano. Nimechambua kwa saa moja na nusu. Mgongo umeniuma na sijamaliza debe.

Kwa kuwa sumu imejikusanya katika punje chache, kuchambua kwa mkono ni miongoni mwa njia zenye nguvu zaidi za kuipunguza, na hakuhitaji chombo chochote zaidi ya ungo na mwanga. Wataalamu wamelisema hilo mara nyingi na ni kweli. Lakini nilichokuja kukitazama ni kile kilichobaki chini baada ya kuchambua. Kulikuwa na mafungu matatu: mahindi safi, chenga, na mabovu, na hadi saa tisa alasiri mafungu yote matatu yalikuwa yamepata wanunuzi. Safi yalipakiwa kwenye lori. Chenga zilinunuliwa na mwenye mashine ya kusaga. Mabovu, ambayo kila kipeperushi husema yatupwe, yalipimwa kwa sado: mengi yalichukuliwa na kijana wa chakula cha kuku, debe moja na mama anayepika pombe ya kienyeji, na sado mbili za mwisho na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Nilimuuliza kama ana kuku wengi. “Ndiyo, ni za kuku,” alijibu bila kunitazama, akafunga kanga yake na kuondoka.

Nimelifikiria jibu hilo jioni nzima. Kumwambia mtu mwenye akiba ya wiki mbili kwamba atupe sado mbili za mahindi ni ushauri usiogharimu chochote upande wa anayeutoa. Mahindi yakishaharibika hayaondoki sokoni, hushuka tu kutoka kwa mwenye uwezo hadi kwa asiye nacho, na kila ngazi inapunguza bei mpaka yampate wa kuyala. Kwa hiyo nimejiwekea swali moja la safari hii: nani anafanya nini kabla punje haijaharibika, na analipwa nini kwa kufanya hivyo?

Siku ya tatu, Jumatano. Kongwa

Nimefika Kongwa kupitia Mbande na kusalimiwa kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” hata kabla sijashusha mkoba. Nilikuja hapa kwa ajili ya karanga. Mji huu na karanga wana historia ndefu: mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mpango wa kulima karanga kwa matrekta ili wapunguze uhaba wa mafuta ya kula kwao, na ulipovunjwa mwaka 1951 pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimezama katika udongo ambao kiangazi huwa mgumu kama saruji. Miaka tisa baadaye, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua aflatoksini. Huwa najiuliza ni watu wangapi walikuwa wamekwisha kufa kwa manjano vijijini kabla ya bata hao, bila mtu kuandika sababu.

Sokoni nimejifunza jambo la aibu. Karanga zinauzwa kwa namna tatu: nzima, zilizovunjika, na zilizotwangwa tayari kwa mboga, na hizo za mwisho ndizo rahisi kwa sababu hakuna anayeweza kuona rangi ya karanga iliyokwisha kuwa unga. Zilizosinyaa, zilizokunjamana na zenye madoa meusi huishia kwenye kinu. Sisi kikundini tulikuwa tukinunua zilizovunjika, kwa hoja kwamba zote zinakwenda kusagwa, mbona tulipe zaidi kwa umbo. Sasa ninaamini kwamba sehemu ya sumu yetu iliingia kwa mlango huo, pengine sehemu kubwa kuliko ya mahindi.

Mchana nimewakuta wanawake watatu wakimenya karanga uani. Mmoja alikuwa akinyunyizia maji rundo lake ili maganda yalainike, maana kumenya maganda makavu siku nzima huchubua vidole mpaka chumvi ya mboga inawasha. Mwenzake, mwenye umri mkubwa zaidi, alimkemea: “Ukizinywesha maji zitalala na maji.” Alimaanisha kwamba zitakaa gunia zima na unyevu huo hadi zipate mnunuzi, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Yeye alikuwa akitumia mashine ndogo ya mkono ya kumenyea, ya kukodi, ambayo wanachangia kwa kila debe. Nikamuuliza anauza bei gani kuliko yule anayenyunyizia. Akasema bei ni ileile.

Ofisi ya kilimo ilinipa maelezo kuhusu mradi wa TANIPAC wa Wizara ya Kilimo, ambao umejenga maghala na kutoa mafunzo ya sumukuvu katika mikoa kadhaa, Dodoma ikiwamo. Ni vizuri kuwa na ghala zuri, na sina haja ya kulibeza. Ila ghala hupokea kile kilicholetwa, na mimi bado nilikuwa natafuta kinachotokea kabla ya mlango wake.

Siku ya nne, Alhamisi. Kongwa hadi Kibaya

Siku nzima imeliwa na barabara. Basi dogo, vumbi jekundu, kuku wawili chini ya kiti changu, pancha moja.

Jirani yangu safarini alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, naye alikumbuka vizuri katikati ya mwaka 2016, wakati watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipoanza kufika katika vituo vya afya wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika. Mwanzoni wengi waliudhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na wengine wakataja uchawi. Uchunguzi ulipokamilika, wagonjwa 68 walikuwa wamehesabiwa na 20 kati yao walikufa, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na kuhifadhiwa na wagonjwa wenyewe. Kenya ilikuwa imepitia mabaya zaidi mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, ambako watu 317 waliugua na 125 wakapoteza maisha. Mhudumu yule alisema kwamba kilichomuumiza zaidi ni kuwaambia wafiwa wasile mahindi yaliyobaki ghalani, huku akijua kwamba hakuna mengine.

Siku ya tano, Ijumaa. Kijijini, wilaya ya Kiteto

Nimepata nilichokifuata, na nitakiandika kwa kirefu.

Mzee aliyenipokea analima ekari nane pamoja na mkewe na watoto wao wawili wakubwa. “Shikamoo baba,” nilisema, naye akaitikia “Marahaba, mwanangu, karibu kwenye jua,” kwa kuwa ua wake mzima ulikuwa ukifanya kazi ya jua. Majirani zake wengi wamevuna na kurundika mahindi chini pamoja na maganda yake, mbuzi wakipita juu, mpaka zamu ya mashine ifike. Yeye humenya maganda siku ileile ya kuvuna na kutandaza magunzi yenye mahindi juu ya kichanja cha miti kilichoinuliwa kimo cha kiuno, ili upepo upite chini na kuku wasifike. Yakisikia jua vya kutosha ndipo hupukuchuliwa. Hapigi mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, na akikodi mashine humwomba kijana wake asiikimbize, kwa sababu mashine ikikimbizwa huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wa ukungu.

Baada ya kupukuchua, mahindi hulala juu ya turubai. Turubai lake ni la kaya tatu zilizochanga, na zamu zake zimeandikwa kwa mkaa ukutani. Mkewe huyageuza kwa miguu, akipita pekupeku na kuchora mifereji kwa vidole, asubuhi umande ukishakauka, saa sita na saa tisa, na kabla jua halijazama hulikunja turubai na kulifunika ili yasinyonye unyevu wa usiku. Aliniambia kwamba miguu yake ndiyo kipimo cha kwanza: mahindi mabichi humnata nyayoni.

Kipimo cha pili ni chupa. Aliitoa ndani, chupa ya kioo iliyoanikwa juani mpaka ikakauka kabisa, pamoja na chumvi ya unga aliyoikausha kwenye kikaango. Alitia mahindi kama robo ya chupa, akaongeza vijiko vichache vya chumvi, akafunga kizibo na kuitikisa kwa muda wa dakika mbili hivi, akaiweka kivulini na kwenda kuwasha moto wa chai. Baada ya robo saa aliishika shingoni na kuigeuza polepole mbele ya macho yangu. Chumvi ilikuwa imeshika ukutani mwa kioo kama baridi ya asubuhi kwenye dirisha. “Bado yana maji, yanailowesha,” alisema. Akachukua mahindi ya turubai la pili, yaliyoanikwa siku mbili zaidi, akarudia yote tangu mwanzo. Safari hii chumvi iliteleza chini yote, kioo kikabaki kitupu.

Hapo niliweka maelezo yangu, nikiwa nimekwisha kusoma kuhusu kipimo hiki: chumvi isiposhika inaonyesha kwamba unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, lakini kiwango cha mahindi ya kuuza na kuhifadhi ni asilimia 13.5, kwa hiyo chupa inakueleza kwamba umevuka mto mkubwa, haikuelezi kwamba umefika nyumbani. Mama alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwamba ndiyo maana wao huongeza siku moja ya jua baada ya chumvi kukataa kushika. Hakuwahi kusikia habari za asilimia.

Yakikauka na kuchambuliwa, mahindi ya kula nyumbani huingia katika mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, mbili za plastiki ndani ya kiroba kimoja cha kawaida. Kila tabaka hufungwa peke yake, hewa ikikamuliwa kwanza, na wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Mzee aliununua kila mmoja kwa shilingi 5,000 na ameutumia wa kwanza kwa misimu mitatu, akiukagua kwa kuujaza pumzi na kusikiliza kama unavuja. Nikauliza kwa nini majirani hawana, kwani shilingi 5,000 si nyingi mbele ya gunia zima. Akanijibu kwamba shilingi 5,000 za Juni si sawa na za Septemba. Juni mtu anadaiwa mbegu, anadaiwa na aliyemlimia kwa trekta, na watoto wanadaiwa michango, kwa hiyo anauza gunia la kwanza likiwa bado na joto la shamba.

Kisha alisema jambo ambalo, kwa miaka yangu yote minne ya kununua mahindi, sikuwahi kulihesabu. Mahindi yanauzwa kwa mizani. “Mimi nikikausha, maji yanakwenda mbinguni na kilo zangu zinakwenda nayo. Mwenzangu asiyekausha anauza maji kwa bei ya mahindi.” Tuliichukua kalamu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi 13.5 linabaki na kilo kama 95. Bei ya siku hiyo ilikuwa shilingi 600 kwa kilo, hivyo kwa kila gunia analolikausha vizuri, Mzee anapoteza takriban shilingi 3,000, achilia mbali jua, miguu ya mkewe na zamu ya turubai. Soko linamtoza faini kwa kuwa mwangalifu. Bambo na magego huadhibu mahindi mabichi kupita kiasi, hilo ni kweli, lakini hayaoni tofauti kati ya asilimia 13 na 15, na ukungu unaiona.

Nikamwambia kwamba nitanunua magunia kumi kwa nyongeza ya shilingi 5,000 kila moja juu ya bei ya Kibaigwa, kwa sharti kwamba nipate yale ambayo chumvi imeyakataa. Alicheka, akamwita mkewe aje asikie, na yeye ndiye aliyejibu: “Mpaka niione hela.” Nikatoa malipo ya nusu.

Kabla ya kulala tulizungumza pia kuhusu Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ambayo ni ukungu wa jamii ileile lakini usio na uwezo wa kutengeneza sumu, uliopakwa kwenye mbegu za mtama zilizouawa na kutawanywa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, ili uwahi nafasi na kuuzuia ule mbaya. Ni dawa ya mahali penye tatizo, kwa maana sumukuvu huanzia shambani, hasa ukame unapoupata mmea ukiwa unajaza punje, na kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mzee aliiona katika shamba la mfano na angependa kuijaribu. Anasema tu kwamba inunuliwe kwa kikundi, na kuku wafungiwe siku hiyo.

Siku ya sita, Jumamosi. Kibaya

Nimepita kwenye mashine ya kusaga kuuliza habari ya dona na sembe, kwa kuwa ushauri hapa unagongana. Sisi watu wa lishe tunahimiza dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa sababu una virutubishi zaidi. Lakini sumukuvu hukaa kwa wingi zaidi katika kiini na ganda, na mahindi yakikobolewa sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Mwenye mashine aliniambia kwamba watu huchagua kwa bei: dona ni ya kupita mashine moja, sembe ni ya kupita mbili. Kwa maoni yangu, dona ni chakula bora cha mtu mwenye mahindi bora, na mtu asiyeyajua mahindi yake yalikopita asimpe mtoto dona kwa sababu tu kipeperushi kimesema hivyo.

Nikauliza pumba zinakwenda wapi. Za ng’ombe wa maziwa, alisema. Ng’ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutoka katika maziwa ikiwa imegeuka kuwa M1, na maziwa hurudi kwa watoto. Nilimkumbuka yule wa simu na ng’ombe wake wasiosoma.

Siku ya saba, Jumapili. Kurudi Morogoro

Nimesafiri tangu alfajiri hadi saa mbili usiku, nikibadilisha gari mara mbili. Mkobani nina chupa tupu niliyopewa na mama.

Siku ya nane, Jumatatu. Nyumbani

Tumekutana akina mama wote saba asubuhi. Wawili walitaka tuuze ule unga kwa mtu wa mifugo, na sikuwalaumu, maana kila mmoja ana fedha yake humo. Walichohoji ni kwamba wengine wataendelea kumuuzia yeye, basi tutakuwa tumemkomoa nani. Tumebishana hadi saa sita. Mwisho tulikubaliana kuchukua hasara kwa awamu, tukikatwa katika mgao wa miezi mitano, na tukachimba shimo nyuma ya banda. Mwenzetu mmoja alionya kwamba tukifukia unga mtupu watu wataufukua usiku, kwa hiyo kila kiroba tulikichanganya na majivu na samadi mbichi kwa koleo mpaka rangi ikaisha. Kilo 280. Mtu wa mifugo alipopiga simu alasiri nilimweleza tulichofanya, akanyamaza kidogo, akauliza kama karanga zile zilizobaki nazo tumezifukia.

Nyongeza, wiki moja baadaye

Magunia kumi kutoka Kiteto yameshushwa leo asubuhi. Nimekausha chumvi kwenye kikaango, nimeanika chupa ya mama juani, na nimepima gunia moja baada ya lingine, robo saa kwa kila moja, wenzangu wakipanga foleni kuja kutikisa kwa zamu. Katika magunia tisa chumvi iliteleza yote chini. La saba lilishika. Tukalirudia, likashika tena.

Nikampigia Mzee. Alisikiliza, nikamsikia akimuuliza mkewe kitu kwa mbali, kisha akarudi kwenye simu akicheka kwa aibu. “Mwanangu, hilo ni la shemeji yangu, yetu yalipungua moja. Lianike siku mbili, na ile nyongeza yake usiitume.”

Limeshatandazwa uani. Naliandika hili huku mguu mmoja ukiwa ndani ya mahindi, na kweli, yananata.